Mashine ya gemu ya familia na nafasi ya mkereketwa

Tangu Nintendo Switch 2 iingie sokoni tarehe 5 Juni 2025, ubishi wa siku nyingi umefufuka. Hapa Dodoma utausikia kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kule Ng'ong'ona, kwa mafundi simu wa katikati ya mji, na kwa wafanyakazi wa Mji wa Serikali Mtumba wanaotafuta zawadi ya watoto shule zikifungwa. Upande mmoja unasema Nintendo ni mashine ya watoto, kijana anayejua gemu hawezi kupoteza hela yake hapo. Upande wa pili unalalamika kwamba kampuni imeanza kuwakimbilia wakubwa, maana siku ile ile ya uzinduzi mashine hiyo ilitoka na Cyberpunk 2077, gemu lenye mauaji, matusi na alama ya miaka 18. Kila upande umeshika kipande cha ukweli, lakini swali lenyewe wameliacha pembeni: mashine iliyotengenezwa ili baba, mama, bibi na watoto wacheze pamoja, je, imhudumie pia yule ambaye gemu limemkaa kichwani kutwa kucha?

Mimi nasema ndiyo, tena lazima. Ila ipo namna ya kumhudumia inayoijenga mashine na ipo inayoibomoa, na miaka ishirini iliyopita imetuonyesha zote mbili.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Mashine ya gemu, au konsoli, ni kompyuta yenye kazi moja kubwa: unaiunganisha na TV, unashika pedi, unacheza. PlayStation ni ya Sony, Xbox ni ya Microsoft, Switch ni ya Nintendo. Kwetu jina la PlayStation limemeza mengine yote, ndiyo maana watu husahau kwamba kila moja ina magemu yake na diski ya huku haiingii kule. Mashine ya familia ni ile ambayo aliyeitengeneza aliiwazia sebule nzima kabla ya kumwazia kijana mmoja chumbani kwake. Utaitambua kwa bei iliyo chini ya wenzake, pedi ambayo mgeni anaielewa haraka, magemu ya watu wengi kwa wakati mmoja, na njia ya mzazi kuweka mipaka. Mkereketwa, kwa maana ya makala hii, ni yule anayefuatilia gemu kabla halijatoka, anayerudia hatua moja mpaka usiku wa manane ili aivuke, na ambaye akifungwa hataki kuonewa huruma. Umri wake si hoja, na wala si lazima awe mwanamume.

Mkanganyiko mkubwa unatokana na kuviweka vitu vitatu kwenye kapu moja: umri unaofaa kwa gemu, ugumu wa gemu, na nguvu za mashine. Watu husema "gemu la wakubwa" wakimaanisha vyote vitatu kwa mpigo. Hivi vitu havitembei pamoja, na ushahidi tunao hapa hapa mjini.

Ingia kibanda chochote cha gemu jioni, Chang'ombe au Nkuhungu. TV mbili tatu juu ya meza, benchi la mbao, feni inayozungusha joto lile lile, na mwenye kibanda na daftari lake. Unalipia kwa mechi, na aliyefungwa anaachia pedi. Itazame hiyo pedi kwa karibu: mpira wa kile kijiti cha kushoto umelika mpaka plastiki ya ndani imetokeza, na alama ya kitufe cha pasi imefutika kabisa. Hakuna anayeihitaji, kidole kinajua njia. Kijana wa miaka 19 anasimamisha mechi dakika ya 70, anatoka 4-3-3 na kuweka mabeki watano, kwa sababu ameshaona mwenzake anashambulia kwa kupitia kulia tu. Wanaosubiri zamu nyuma yake wanabishana kama amefanya sawa. Ukitafuta mkereketwa Tanzania nzima, hutapata wa kumzidi huyu.

Sasa geuza kasha la gemu lake. Mfululizo wa FIFA, ambao tangu 2023 unaitwa EA Sports FC, kwa miaka mingi ulikuwa ukibeba namba 3. Namba hiyo inatoka kwenye mfumo wa Ulaya uitwao PEGI, ulioanza mwaka 2003, wenye madaraja matano: 3, 7, 12, 16 na 18. Wengi huisoma kana kwamba inataja ugumu, kwamba gemu la 3 ni rahisi na la 18 ni gumu. Sivyo. PEGI hutazama kilichomo: damu, matusi, kamari, mambo ya chumbani, vitisho. Kuhusu kama utalimudu gemu, haisemi lolote. Kwa hiyo mkereketwa wetu anayekesha kibandani anacheza gemu ambalo kwa maudhui yake limeruhusiwa kwa mtoto wa miaka 3, na ukikaa naye atakufunga mabao sita.

Hapo dhana ya kwanza inaanguka. Kumhudumia mkereketwa si kumletea damu. Hata hivyo nisiwe mwepesi mno, kwa sababu damu nayo iliwahi kuwa na uzito. Mwaka 1993 gemu la mapigano la Mortal Kombat lilipotoka kwenye mashine za nyumbani, Nintendo walitaka toleo lao liwe safi, hivyo damu ikageuzwa kuwa jasho la kijivu. Kwenye mashine ya washindani wao Sega, damu ilikuwepo, ukiifungua kwa mpangilio maalumu wa vitufe. Toleo la Sega likauza zaidi kwa mbali. Desemba mwaka huo huo Baraza la Seneti la Marekani likakaa kusikiliza hoja kuhusu ukatili kwenye magemu, na mwaka 1994 ukaanzishwa mfumo wa Marekani wa kupanga magemu kwa umri. Baada ya hapo Nintendo waliachia toleo la pili la gemu hilo na damu yake. Walichokuwa wakikikosa ni lebo ya kumwambia mzazi ukweli, na lebo ilipopatikana, duka moja likaweza kuuza gemu la mtoto na la mtu mzima bila kumdanganya yeyote.

Lakini kina cha gemu ni jambo kubwa kuliko damu, na kwa hilo sisi hatuhitaji kwenda mbali. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Mtoto huanza na bao la kujifunza, anasambaza kete, anafurahi zikizunguka. Mkubwa anacheza bao la Kiswahili, lenye namua, mtaji na nyumba yake, na fundi huhesabu mizunguko ambayo mtazamaji wa kawaida haioni kabisa. Ubao ni ule ule. Hakuna aliyewahi kuuita ubao wa watoto kwa sababu watoto wanaucheza, na hakuna fundi aliyedai watoto wafukuzwe ili ubao upate heshima.

Magemu bora ya Nintendo yametengenezwa kwa akili hiyo. Chukua Mario Kart 8 Deluxe ya mwaka 2017, mbio za vigari. Unaweza kuwasha usukani wa msaada, na gari litakataa kutoka nje ya barabara hata mtoto akiachia kila kitu; unaweza hata kuliacha lijiendeshe mbele lenyewe. Kwenye gari hilo hutokeza antena ndogo, ili wote wajue nani anasaidiwa. Ila msaada huo unamzuia mchezaji kupita baadhi ya njia za mkato. Pembeni yake, kwenye TV hiyo hiyo, kaka yake amezima msaada wote, anapiga kona kwa kuteleza, anakusanya kasi, na wakubwa wakiwa peke yao usiku wanapandisha mpaka daraja la kasi la 200cc ambako usipojua kufunga breki huwezi kumaliza mzunguko mmoja salama. Au New Super Mario Bros. Wii ya mwaka 2009: ukifa mara nane kwenye hatua moja, linatokea boksi la kijani, ukiligonga Luigi, ndugu yake Mario, anakuonyesha njia. Aliyebobea anajinyima boksi hilo, halafu anarudi kutafuta sarafu tatu kubwa zilizofichwa kila hatua. Gemu moja limebeba watu wawili tofauti, na hakuna aliyepunjwa.

Kuna upande wa fedha, ambao ubishi wa vijiweni huuruka. Kampuni ya mashine haiishi kwa kuuza mashine tu. Faida kubwa iko kwenye magemu, yale yake yenyewe na yale ya kampuni nyingine ambayo kila nakala ikiuzwa hupata fungu lake. Ndiyo maana mwaka 2006 Sony waliuza PlayStation 3 kwa dola 499 na 599 na bado wakawa wanapata hasara kwa kila moja mwanzoni. Waliamini pesa itarudi kwa magemu. Nintendo wakaenda kinyume: Wii ikatoka mwaka huo huo kwa dola 249.99, ikileta faida tangu siku ya kwanza, kwa kuwa ndani yake hapakuwa na maajabu. Haikuwa imeizidi sana mashine yao iliyotangulia, na haikuweza kutoa picha ya HD, ile kali ya TV mpya. Maajabu yalikuwa mkononi. Pedi yake ilikuwa na kihisi mwendo na kamera ndogo iliyosoma taa za kijiti kinachowekwa juu au chini ya TV, kwa hiyo ulipiga tenisi kwa kurusha mkono. Watu waliurusha kweli kweli, mpaka kamba za mkononi zikawa zinakatika na Nintendo wakatangaza kubadilisha kamba milioni 3.2.

Ili kuelewa kwa nini walichagua njia hiyo, tazama namba zao. Mashine yao ya kwanza kubwa ya nyumbani, iliyoanza Japani mwaka 1983, iliuza kama milioni 62. Iliyofuata, kama milioni 49. Nintendo 64, kama milioni 33. GameCube ya mwaka 2001, kama milioni 22. Kila kizazi pungufu ya kilichopita. Na GameCube haikuwa dhaifu: kwa vipimo kadhaa iliizidi PlayStation 2, mashine iliyouza zaidi ya milioni 150. PlayStation 2 ilikuwa na magemu mengi zaidi, na ilicheza DVD. Hata kwetu zipo sebule ambazo deki yao ya kwanza ya DVD ilikuwa PlayStation. Kwa hiyo dhana ya pili nayo, kwamba ukitaka mkereketwa aje tengeneza mashine yenye misuli, ina shimo kubwa.

Rais wa Nintendo wakati huo, Satoru Iwata, alikuwa mtengeneza magemu kabla hajawa bosi. Aliona kwamba tatizo si washindani peke yao. Watu walikuwa wanaacha gemu kwa sababu limekuwa gumu kuingia. Wii ikafungua mlango. Katika nchi nyingi nje ya Japani ilikuja na Wii Sports ndani ya boksi, michezo mitano: tenisi, besiboli, boling, gofu na ngumi. Katika nyumba za kulelea wazee Marekani na Uingereza wazee wakawa wanashindana boling wakiwa sebuleni. Mashine zilizouzwa zilipita milioni 101.

Na mkereketwa? Alipata Super Mario Galaxy mwaka 2007, gemu ambalo mpaka leo linahesabika miongoni mwa bora zaidi. Ila kwa magemu mengi ya kampuni nyingine aliambulia makombo. Grand Theft Auto IV haikufika kabisa, Wii isingeibeba. Call of Duty 4 ya mwaka 2007 ilimfikia mwaka 2009, miaka miwili baadaye. Baya zaidi ni pale walipomwona kama kero. Super Smash Bros. Brawl ya mwaka 2008, gemu la mapigano la Nintendo, iliwekewa jambo ambalo toleo la kabla yake halikuwa nalo: mhusika wako akikimbia, mara moja moja anajikwaa na kuanguka, bila kosa lako, kwa bahati nasibu tu. Mgeni asingeona tofauti. Aliyefanya mazoezi miezi mingi aliangushwa na mashine katikati ya fainali. Mchezaji yeyote wa drafti atakuambia hilo lisingevumilika kijiweni hata dakika moja. Toleo lililofuata, mwaka 2014, liliuondoa ujinga huo.

Sasa njoo mwaka 2012. Nintendo wanatoa Wii U. Wanauza milioni 13.56 maisha yake yote. Kutoka milioni 101 mpaka 13! Maelezo yanayotolewa ni mengi na yote yana chembe ya ukweli: jina lilichanganya watu wakadhani ni kifaa cha kuongezea kwenye Wii waliyonayo, pedi ilikuwa kubwa yenye kioo katikati, bei ilikuwa juu. Kingine, iPhone ilikuja mwaka 2007 na duka lake la programu mwaka 2008, kwa hiyo mtu aliyetaka burudani ya dakika kumi alikuwa nayo mfukoni tayari.

Ila mimi naona sababu iliyo kubwa kuliko hizo ni kwamba familia haisimami mahali pamoja. Nyumba iliyonunua Wii mwaka 2006 kwa ajili ya mtoto wa miaka 8, mwaka 2012 ilikuwa na kijana wa miaka 14. Mtoto yule yule aliyerukaruka akipiga tenisi sasa anataka gemu lenye kina, anataka kucheza na wenzake wa shule, na anajua majina ya mashine zote. Mkereketwa ambaye kampuni ilimwona mgeni wa pembeni alikuwa ndani ya familia muda wote, anakua. Wakati anabalehe, Wii haikuwa na cha kumpa, akahamia PlayStation au Xbox, na alipohama akaondoka na wadogo zake, kwa sababu mdogo hucheza anachocheza kaka yake. Hilo halihitaji utafiti, angalia tu nani anamshika mkono nani kwenda kibandani.

Kuna watakaonijibu kwamba Wii U ilijaribu kumwita mkereketwa na bado ikaanguka. Ni kweli ilijaribu. Siku ya kwanza ilikuwa na Mass Effect 3, Batman: Arkham City na Call of Duty: Black Ops II. Lakini Mass Effect ilishatoka kwingine mwezi Machi mwaka ule ule, na Batman mwaka uliotangulia. Aliyeyataka alikwisha kuyamaliza. Kumkaribisha mtu kwa chakula alichokula jana kwa jirani hakumhamishi.

Kisha mwaka 2017 ikaja Switch ya kwanza, kwa dola 299.99, na kwa maoni yangu ndilo jibu zuri zaidi lililowahi kutolewa kwa swali hili. Ukiitazama mara moja umeielewa: iko kwenye TV, unaichomoa, unaendelea kucheza mkononi. Pedi yake inagawanyika mara mbili, kwa hiyo watu wawili wanacheza siku ile ile boksi linapofunguliwa bila kununua kitu kingine. Hilo ni la familia. Siku hiyo hiyo ya tarehe 3 Machi ilikuwa na Zelda: Breath of the Wild, dunia pana isiyokushika mkono, ambayo wakereketwa waliimeza kwa mamia ya saa. Mwishoni mwa Aprili ikafuata Mario Kart 8 Deluxe, na hapa pana somo: kwa sehemu kubwa lilikuwa gemu la Wii U la mwaka 2014, likaongezewa vitu. Kwenye mashine iliyokosa watu lilibanwa. Kwenye Switch limeuza zaidi ya nakala milioni 60. Switch yenyewe imepita milioni 150. Nayo haikuwa na misuli ya PlayStation 4.

Penye kasoro niseme pia, hasa kwa msomaji wa huku anayependa mpira. Kwa miaka minne mfululizo, kuanzia FIFA 20 mpaka FIFA 23, mwenye Switch aliuziwa toleo lililoitwa Legacy Edition: jezi mpya, vikosi vipya, mchezo ule ule wa zamani. PlayStation ikisonga mbele, yeye akila kiporo. FC 24 ndiyo iliyoanza kurekebisha hali kwa kuletewa injini mpya, na kwenye Switch 2 wamepata FC 26. Ukitaka kujua kwa nini vibanda vya Dodoma havikuwahi kuwa na Switch, anza hapo kabla hujataja uzuri wa picha.

Turudi kwa malalamiko ya upande wa pili, kwamba Cyberpunk 2077 kwenye Switch 2 ni usaliti kwa familia. Siungi mkono. Gemu hilo lina 18 kubwa kwenye kasha, na mashine ina programu ya bure ya simu ambayo mzazi anaitumia kuzuia magemu kwa umri na kuweka saa za kucheza. Dakika chache za kuiweka sawa, kazi imekwisha. Kibandani hakuna anayeuliza umri wako. Sebuleni mzazi ana funguo. Kuwepo kwa gemu la mtu mzima kwenye duka la Nintendo kunamfaa baba na kunamfaa mtoto wa kwanza aliyemaliza kidato cha sita, na mdogo wao wa miaka 6 haguswi.

Kinachonitia wasiwasi ni bei. Switch 2 ilianza mwaka 2025 kwa dola 449.99, yaani zaidi ya shilingi milioni moja kabla ya usafirishaji, kodi na faida ya muuzaji. Ongezeko la dola 150 juu ya Switch ya kwanza limetokana kwa sehemu na kutaka nguvu za kubeba magemu makubwa ya kampuni nyingine. Hapa ndipo kumhudumia mkereketwa kunapoanza kuibomoa mashine ya familia: pale nguvu alizoombewa yeye zinapolipwa na mama aliyetaka watoto wacheze pamoja. Jambo la pili ni zile kadi za Switch 2 ambazo ndani hazina gemu, zina ruhusa ya kulipakua tu. Ukinunua kadi kama hiyo Kisasa au Area C bado unadaiwa bando, tena la gigabaiti nyingi. Kwa sisi ambao kadi yenye gemu zima ilikuwa faraja, isiyochubuka kama diski na isiyotegemea lenzi inayoziba kwa vumbi letu, huko ni kurudi nyuma.

Karibuni nilimsikia muuzaji mmoja akimshauri mama aliyekuwa na watoto wa miaka 6 na 15: "Dada, hiyo ya watoto, chukua PlayStation tu, hata shemeji ataicheza." Ushauri wenyewe unaweza kuwa sahihi, ila sababu aliyoitoa si sahihi. Angemuuliza kwanza huyo wa miaka 15 anacheza nini na wenzake. Kama ni mpira, na marafiki wote wana PlayStation, mnunulie PlayStation, kwa sababu kubadilishana diski na kualikana ni nusu ya raha. Kama nyumbani wanataka kucheza wanne kwenye TV moja, mdogo na mkubwa bila mmoja kumtesa mwingine, Switch haina mpinzani, na ya kwanza iliyotumika inatosha kabisa kwa kazi hiyo. Umeme ukikatika nayo inaendelea kwa betri. Switch 2 hukaa saa mbili mpaka sita na nusu kutegemea gemu. Kabla ya kulipa, fungua boksi uhesabu pande mbili za pedi, na kwa kila gemu la Switch 2 soma sehemu ya chini ya kasha la kadi: kama linahitaji kupakuliwa, limeandikwa hapo.